Fidia ya Ulemavu kwa Askari wa Zamani wa Marekani: Mafunzo ya Wanaowasaidia Wenzao

Fidia ya ulemavu ni malipo ya kila mwezi, yasiyokatwa kodi, ambayo serikali ya Marekani humlipa mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wake jeshini. Mali ya mtu haitazamwi, wala urefu wa utumishi wake. Aliyetumikia miaka 4 akarudi nyumbani na goti bovu hulipwa kwa kipimo kilekile cha aliyetumikia miaka 20 mwenye goti kama hilo. Chimbuko lake ni la zamani kuliko katiba ya nchi hiyo: tarehe 26 Agosti 1776, wiki chache baada ya kutangazwa uhuru, Bunge la makoloni yaliyoungana lilipitisha azimio la kumlipa nusu mshahara mwanajeshi aliyepoteza kiungo au uwezo wa kujitafutia riziki vitani. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa Wizara ya Masuala ya Askari wa Zamani, iliyoanza kama idara mwaka 1930 na kupandishwa hadhi kuwa wizara mwaka 1989.

Kati ya Wizara na mdai kuna mtu wa tatu ambaye vitabu vya sheria humtaja kwa uchache: askari mwenzake aliyejifunza taratibu na kukubali kumshika mkono. Wasaidizi wa aina hii hupatikana katika vyama vikongwe kama Veterans of Foreign Wars, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1899, American Legion cha mwaka 1919 na Disabled American Veterans cha mwaka 1920, na pia katika ofisi za serikali za kaunti. Wengi wao walianza kwa kuhangaika na madai yao wenyewe. Wanayoyakumbuka kutokana na kazi hiyo yanafanana kwa kiasi cha kushangaza, na yote huelekea mahali pamoja: mara nyingi ushahidi unaodaiwa kukosekana upo, ila umekaa kichwani mwa mtu ambaye hakuna aliyemketisha akamwuliza.

Kisheria, dai husimama juu ya mambo matatu. Pawe na ulemavu uliopo sasa. Pawe na tukio, jeraha au ugonjwa uliotokea wakati wa utumishi. Na pawe na kiungo kati ya hayo mawili, ambacho kwa kawaida huthibitishwa na daktari. Kinachowashangaza wageni wengi ni wepesi wa kipimo cha uthibitisho. Mdai hatakiwi kuondoa shaka yote kama mwendesha mashtaka wa jinai, wala kumshinda mpinzani kwa hoja nzito zaidi kama katika kesi za madai mahakamani. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, nusu kwa nusu, sheria inaamuru shaka imnufaishe askari. Kwa hiyo barua ya daktari inayosema kwamba ugonjwa “huenda” ulitokana na jeshi haitoshi. Inayosema kwamba uwezekano wa kutokana na jeshi si chini ya nusu, kisha ikaeleza kwa nini, inatosha. Madaktari wengi wa kawaida hawalijui hilo. Huandika kwa tahadhari ya kitaaluma, na tahadhari hiyo humwangusha mgonjwa wao bila wao kukusudia. Msaidizi anayejua kumweleza daktari, kwa heshima na kwa maandishi mafupi, ni swali gani hasa linalotakiwa kujibiwa, huwa amefanya nusu ya kazi.

Jambo la kwanza ambalo msaidizi mzoefu hulifanya, hata kabla ya kuisikiliza habari yenyewe, ni kuilinda tarehe. Malipo hayahesabiwi tangu siku ya jeraha. Kwa kawaida huhesabiwa kufuatana na siku dai lilipopokelewa. Fomu fupi ya kutangaza nia ya kudai, namba 21-0966, humpa askari mwaka mzima wa kukusanya ushahidi, na dai kamili likiwasilishwa ndani ya mwaka huo, malimbikizo yatahesabiwa tangu siku ya tangazo. Wapo waliokaa miezi mingi wakilitafuta faili la hospitali wakidhani kwamba dai haliwezi kuanza bila karatasi zote, na miezi hiyo yote wakaipoteza. Aliye karibu kutoka jeshini ana nafasi nzuri zaidi: anaruhusiwa kuwasilisha dai kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya kuachishwa, na anayedai ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka huweza kuhesabiwa tangu siku iliyofuata kuachishwa kwake.

Tarehe ikishalindwa, kazi inayobaki ni kusikiliza, na hapa ndipo muda mwingi huenda. Jeshini, mtu anayekwenda zahanati mara kwa mara huonekana mtegaji. Askari huteguka kifundo cha mguu, hufunga bandeji, humeza vidonge vya maumivu na kurudi kwenye mstari, kwa sababu akikosekana yeye mzigo wake utabebwa na mwenzake. Anapokaribia kuachishwa huulizwa kama ana tatizo lolote la afya, naye hujibu hapana, maana akisema ndiyo atacheleweshwa kwenda nyumbani. Miaka 15 baadaye jibu hilo la haraka humrudia likiwa katika maandishi ya Wizara: faili halionyeshi malalamiko yoyote wakati wa kutoka. Msaidizi aliyepita njia hiyo huelewa mara moja kilichotokea. Mfanyakazi wa ofisini ambaye hajawahi kuvaa buti hahitaji kulaumiwa kwa kutoelewa, anahitaji kuelezwa.

Njia ya kumweleza ni taarifa ya mdai, na ubora wake hutofautiana sana. Taarifa dhaifu husema: “Mgongo wangu unaniuma sana tangu nilipokuwa jeshini.” Hakuna uongo hapo, lakini pia hakuna kitu cha kushika. Katika kesi moja ambayo mwandishi wa kumbukumbu hizi aliishughulikia, mdai alikuwa amerudia sentensi ya namna hiyo katika madai mawili yaliyokataliwa. Alipoulizwa ni siku gani aliyohisi maumivu hayo kwa mara ya kwanza, alijibu papo hapo, kana kwamba alikuwa akilingoja swali hilo. Ilikuwa kambini Fort Bragg, wakati wa majira ya baridi, akishusha makasha ya risasi kutoka kwenye lori pamoja na mwenzake. Mwenzake aliteleza kwenye tope lililoganda na uzito wote ukamwangukia yeye. Sajini wao alimwambia alale kwenye kebini ya lori hadi kazi iishe, na usiku ule alilala sakafuni kwa sababu godoro lilimshinda. Alikumbuka jina la mwenzake, jimbo alikotoka, na hata kwamba mwenzake huyo alimbebea begi la mgongoni kwa wiki nzima. Mtu huyo alitafutwa, akapatikana, akaandika ukurasa mmoja unaolingana na maelezo hayo bila ya wawili hao kuwasiliana kwanza. Faili la hospitali halikuongezeka hata karatasi moja, na dai likakubaliwa.

Barua ya askari mwenzake, au ya mke, mume, mzazi au mwajiri, ni ushahidi kamili, na mahakama zimelisema hilo waziwazi. Mwaka 2006 na mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, katika kesi za Buchanan na Jandreau, iliamua kwamba kukosekana kwa karatasi za hospitali za wakati ule hakutoshi peke yake kuufanya ushuhuda wa mtu wa kawaida usiaminike, na kwamba mtu asiye daktari anaweza kushuhudia hali anayoweza kuiona au kuihisi mwenyewe. Mlio wa masikioni ni mfano mzuri. Hakuna mashine inayoweza kuusikia mlio unaopiga ndani ya kichwa cha mpiga mizinga wa zamani, kwa hiyo neno lake mwenyewe ndilo ushahidi mkuu. Tatizo hilo ndilo linaloongoza kwa wingi miongoni mwa ulemavu wote unaolipwa fidia, na kiwango chake ni asilimia 10, uwe katika sikio moja au yote mawili. Barua za wake zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mke hueleza kwamba redio huachwa ikinong’ona usiku kucha ili mumewe apate usingizi, kwamba yeye ndiye anayejibu simu, kwamba wajukuu wamejifunza kumgusa bega babu yao kabla ya kusema naye. Mambo hayo hayamo katika rekodi yoyote ya hospitali.

Kwa askari wa vita vya zamani, kukosa karatasi kuna sababu nyingine kabisa. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghorofa ya juu ya kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi, karibu na jiji la St. Louis katika jimbo la Missouri. Mafaili yaliyoteketea yanakadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na milioni 18. Yalikuwa takriban asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa mwaka 1960, na asilimia 75 ya sehemu ya mafaili ya jeshi la anga, kuanzia herufi za jina la Hubbard kwenda mbele. Hapakuwa na nakala. Mzee aliyepigana Korea huambiwa kwamba faili lake halipo, naye huelewa kwamba dai lake limekufa. Halijafa. Mahakama imeamua kwamba rekodi zikipotea mikononi mwa serikali, Wizara ina wajibu mzito zaidi wa kuyatafakari madai na kueleza sababu zake. Yako pia mafaili mengine yaliyohifadhiwa kwingine: taarifa za asubuhi za kila kikosi, zilizoandika nani yupo, nani amelazwa na nani ameuawa, hati za malipo, orodha za waliolazwa katika hospitali za jeshi. Nyumbani huwa na barua zenye mhuri wa posta ya jeshi, picha za mtu akiwa na mkono kwenye bandeji, gazeti la mji mdogo lililotangaza kwamba kijana wa fulani amejeruhiwa. Msaidizi huomba aletewe sanduku zima la zamani, kwa sababu mwenye sanduku hajui kilicho na thamani ndani yake.

Dai likishawasilishwa, Wizara kwa kawaida humwita mdai kwenye uchunguzi wa kitabibu, na mara nyingi mchunguzi ni wa kampuni yenye mkataba. Mchunguzi hamtibu mtu. Anapima na kujaza fomu. Goti, kwa mfano, hupimwa kwa kipimapembe: likikunjika hadi nyuzi 45 tu kiwango ni asilimia 10, likiishia nyuzi 30 ni asilimia 20, likiishia nyuzi 15 ni asilimia 30. Askari aliyezoea kuvumilia hukaza meno akalikunja goti kupita pale maumivu yanapoanzia, na kipimo kikaandikwa kwa ushujaa wake badala ya hali yake. Mdai anapaswa kusema mahali maumivu yanapoanza, na kueleza siku zake mbaya: huja mara ngapi kwa mwezi, hudumu muda gani, humzuia kufanya nini. Tangu uamuzi wa kesi ya Sharp mwaka 2017, mchunguzi anatakiwa kuyauliza hayo na kukadiria ulemavu wa siku mbaya hata kama siku ya uchunguzi ni nzuri.

Tatizo la uvumilivu huwagusa kwa namna ya pekee wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, ambao si wachache katika jeshi la Marekani. Kuanzia mwaka 2009 jeshi hilo liliandikisha kwa mpango maalumu wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Wengine waliingia kwa njia ya kawaida wakiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Dereva mmoja wa malori ya mafuta, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyekuwa akitoka Kuwait kuingia Iraq, aliulizwa hali na mchunguzi mara tu alipoketi. Alijibu kwa Kiingereza kizuri na kwa adabu alizolelewa nazo: yuko salama, anashukuru, na je, daktari mwenyewe hajambo? Ripoti iliandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Ilichukua barua ya mkewe, iliyoeleza nani humfungia kamba za viatu kila asubuhi, pamoja na uchunguzi wa pili, kurekebisha salamu ile. Tangu hapo mwandishi huwaambia wanaotoka ukanda huo kwamba chumba cha mchunguzi ni mahali pa kutoa ushahidi, na kwamba kueleza maumivu yote yaliyopo hapo si kukosa adabu.

Asilimia zinazotolewa hupanda kwa makumi, kuanzia 0 hadi 100, na huunganishwa kwa hesabu inayowaudhi wengi. Mtu mwenye asilimia 50 na asilimia 30 hapati 80. Hesabu hufanywa kama mkate unaokatwa: kipande cha kwanza kimechukua nusu, na asilimia 30 hukatwa kutoka nusu iliyobaki, yaani 15, jumla ni 65, ambayo hukaribishwa hadi 70. Ukimwongezea asilimia 10 ya mlio wa masikioni atabaki palepale kwenye 70. Pengo la malipo kati ya asilimia 90 na 100 ni kubwa kuliko lile la ngazi nyingine yoyote, ndiyo maana watu hukwama juu wakikata tamaa. Hapo msaidizi huangalia mambo mawili. Kwanza ni ulemavu uliozaliwa na ulemavu: goti la kulia likimfanya mtu achechemee miaka 10, goti la kushoto na kiuno huharibika, na hivyo navyo hulipwa. Pili ni kushindwa kufanya kazi. Mwenye ulemavu mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 yenye mmoja wa angalau 40, ambaye hawezi kushika kazi ya kumtosha kuishi kwa sababu hizo, anaweza kulipwa kwa kiwango cha asilimia 100. Hata asilimia 0 haipaswi kudharauliwa: uhusiano na jeshi ukishakubaliwa, swali linalobaki siku zijazo ni ukubwa wa tatizo peke yake.

Kwa magonjwa yatokanayo na sumu, kiungo cha tatu cha dai hujengwa na sheria yenyewe. Kati ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza dawa za kuua mimea juu ya misitu ya Vietnam, maarufu kuliko zote ikiwa Agent Orange, na wanajeshi waliokanyaga ardhi ile walianza kuugua saratani na kisukari miaka mingi baadaye. Kila mmoja alitakiwa kuthibitisha kwamba dawa ilimfikia, jambo lisilowezekana. Sheria ya mwaka 1991 ilimaliza mjadala kwa kuchukulia kwamba kila aliyehudumu Vietnam katika kipindi kilichotajwa alifikiwa. Mabaharia waliokuwa karibu na pwani walisubiri hadi mwaka 2019. Kizazi kilichofuata kilivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan, ambako plastiki, betri, taka za hospitali na rangi vilichomwa usiku na mchana kando ya mahema ya kulala. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 10 Agosti 2022, ina jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, aliyefariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Iliongeza magonjwa zaidi ya 20 katika orodha ya yale yanayodhaniwa kutokana na utumishi, yakiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini na saratani za njia ya hewa, na kwa watu wa Vietnam ikaongeza shinikizo la damu.

Orodha ya mahali ina uzito kuliko inavyoonekana. Sheria hiyo inazitaja Somalia, Oman na Djibouti pamoja na nchi nyingine za Ghuba na Mashariki ya Kati, lakini Kenya haimo. Askari aliyekuwa Djibouti katika kambi ya Lemonnier kisha akapelekwa Manda Bay, Lamu, huhesabiwa kwa sababu ya Djibouti. Aliyekuwa Lamu peke yake hurudi kwenye njia ya kawaida ya kuthibitisha kiungo kwa barua ya daktari. Kwa hiyo msaidizi huuliza kila mahali ambapo mtu aliwahi kushuka kwenye ndege, na kwa muda gani, kisha hutafuta amri ya safari inayothibitisha hilo.

Majeraha ya akili ndiyo yanayohitaji subira kubwa zaidi. Ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe uliingizwa rasmi katika kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na waliotoka Vietnam ndio waliopaza sauti. Kwa miaka mingi mdai alilazimika kuthibitisha tukio mahususi. Asiyekuwa na nishani ya mapigano alikwama. Tangu Julai 2010 inatosha kwamba hofu yake ya mashambulizi inalingana na mahali na mazingira aliyotumikia, mradi mtaalamu wa Wizara au wa mkataba wake athibitishe. Kwa waliobakwa au kunyanyaswa kingono wakiwa jeshini, wanawake na wanaume, kanuni zinakubali dalili za pembeni: ombi la ghafla la kuhamishwa, kazi iliyoshuka ubora, ulevi ulioanza mwezi fulani, barua kwa mama, kipimo cha ujauzito. Msaidizi hatakiwi kumlazimisha mtu asimulie yote. Humpa karatasi akaandike nyumbani, au humwacha aanze na mwezi tabia yake ilipobadilika, kabla ya kufika kwenye kilichoibadilisha. Naye hujua mipaka yake. Mtu akionyesha kwamba anafikiria kujiua, fomu huwekwa kando na simu ya dharura hupigwa: 988, kisha kubonyeza 1, ambako wahudumu wa askari wa zamani hupokea saa zote.

Kukataliwa ni kawaida, na barua ya kukataa ndiyo karatasi yenye manufaa kuliko zote, kwa kuwa hutaja ni jambo lipi kati ya yale matatu lililokosekana. Tangu tarehe 19 Februari 2019 njia ni tatu: kuleta ushahidi mpya unaohusika, kuomba afisa mwandamizi alipitie upya faili lilelile bila nyongeza, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa mbele ya jaji. Anayechukua hatua ndani ya mwaka mmoja huendelea kuishika tarehe yake ya awali. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumwendea afisa mwandamizi wakati kilichokosekana ni barua ya daktari, ambayo afisa huyo haruhusiwi kuipokea. Bodi ikikataa, mdai ana siku 120 kwenda kwenye mahakama maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya sheria hiyo hapakuwa na jaji wa kumwendea, na wakili hakuruhusiwa kutoza zaidi ya dola 10, kiwango kilichowekwa mwaka 1864 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kilikusudiwa kuwalinda askari dhidi ya walaghai, kikaishia kuwanyima mawakili kwa zaidi ya karne moja.

Walaghai nao hawakuisha. Leo kuna kampuni zisizo na idhini ya Wizara zinazoahidi asilimia kubwa na kudai mara kadhaa ya nyongeza ya mwezi ya mteja, kwa kazi ya kujaza fomu ambayo vyama hufanya bure. Sheria iko wazi: hakuna anayeruhusiwa kutoza chochote kwa kuandaa dai la kwanza, na wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza tu, na asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ada ya haki. Adhabu ya jinai kwa wanaovunja kanuni hiyo haipo, na hilo ni pengo ambalo bunge limelivumilia kupita kiasi. Msaidizi wa kweli huorodheshwa na Wizara kama mwakilishi aliyeidhinishwa, na uwakilishi wake huandikwa kwenye fomu 21-22. Mtu asiye na idhini anaruhusiwa kumwakilisha mtu mmoja kwa dai moja, mara moja tu, bila malipo. Akitaka kuendelea lazima asomee na kuidhinishwa, na wengi walioanza kwa kumsaidia rafiki mmoja hufika huko.

Uraia si sharti la fidia, wala kuishi Marekani. Aliyerudi Nairobi, Arusha au Bujumbura huendelea kulipwa, na Wizara ina mpango wa kulipia matibabu ya ulemavu uliokubaliwa kwa askari walio nje ya nchi. Kinachomwangusha aliyehama ni anwani. Mwito wa uchunguzi ukipelekwa kwenye nyumba ya zamani naye asitokee, dai linaweza kuamuliwa bila yeye kuonekana. Kubadilisha anwani, namba ya simu na akaunti ya benki ni kazi ya kufanywa kabla ya kupanda ndege.

Haki hizi hazikomi na kifo. Mdai akifariki dai likiwa bado linashughulikiwa, mjane, mgane au mtoto anayestahili anaweza kuomba ndani ya mwaka mmoja kuchukua nafasi yake na kulifikisha mwisho. Mwenzi pia anaweza kulipwa fidia ya waliofiwa ikiwa ugonjwa uliokubaliwa ndio ulioua au ulichangia, au ikiwa marehemu alikuwa na kiwango cha asilimia 100 kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa. Cheti cha kifo kinachotaja moyo kusimama peke yake, bila kutaja kisukari kilichotangulia, kinaweza kuifunga njia hiyo. Daktari aliyemtibu marehemu anaweza kuombwa akirekebishe. Ombi la mjane likifika ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo yake huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi mumewe alipofariki.